Sisi ni Wachunga Maji

(Haya ndiyo niliyosema Jumamosi iliyopita hapa Morogoro, kwenye kikao cha kujiandaa na matengenezo ya njia ya mlima kabla masika hayajaanza. Waliokosa kufika waliomba niyaweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Mlima wenyewe mnaujua.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mnaoshusha ndizi na mboga kila alfajiri, poleni na kazi. Vijana wa vyuo, habari zenu. Na nyie waongozaji wageni mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, nawaona, msidhani siwaoni.

Nianze na swali. Nani hapa ameshafika kilele cha Lupanga, hapa juu yetu kwenye milima ya Uluguru? Mikono mingi, vizuri. Nani amepanda Lupanga mwezi wa nne? Mikono imepungua. Nani amepanda mwezi wa nne akarudi nyumbani na suruali safi?

Nilijua.

Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lupanga iko mita 2,138. Hiyo ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda, na kila tone la mvua linaloanguka kule juu lina mita hizohizo za kushuka. Tofauti ni kwamba tone halipumziki kupiga picha. Wanatuita mji kasoro bahari. Masika yakikolea, mimi naona bahari tunayo, ila yetu inashuka kutoka juu.

Swali la pili. Njia ya mlimani inaharibiwa na nini? Semeni kwa sauti. Wageni? Bodaboda? Viatu vya plastiki? Watoto wanaoteleza na magome ya migomba? Huyo aliyesema serikali nimemsikia, tutaonana baadaye.

Wote mmesema nusu ya kweli. Mguu unafanya kazi ya jembe, unalegeza udongo. Tairi la bodaboda kule chini linafanya kazi ya jembe, linachora mfereji. Lakini jembe halibebi udongo. Anayebeba ni maji. Ukiipa njia miguu elfu moja wakati wa kiangazi, utapata vumbi. Ukiipa mvua moja ya usiku, asubuhi unakuta korongo.

Hesabu ndogo, msiogope. Chukua njia yenye upana wa mita moja. Chukua kipande chake cha mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira. Maji yakichimba shubiri moja tu, sentimita 20, umepoteza mita za ujazo 20 za udongo. Kwa ndoo zetu zile za lita 20, hizo ni ndoo ngapi? Ndoo elfu moja. Nani hapa yuko tayari kubeba ndoo elfu moja za udongo kuzirudisha mlimani? Hata kwa malipo?

Na udongo huo haupotei hewani. Unaingia kijitoni. Kijito kinaingia Mto Morogoro, Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa Dar es Salaam. Kwa hiyo ukimwona ndugu yako wa Dar analalamika bomba linatoa uji, mwambie shangazi Lupanga anamsalimia.

Ndugu zangu, hili ndilo nililokuja kusema leo, na mkiyasahau yote mengine, hili mbaki nalo: sisi hatutengenezi njia. Sisi tunachunga maji. Kama vile mchungaji asivyoweza kumzuia ng'ombe asitembee, anachoweza ni kumwambia apite wapi, ndivyo na sisi. Maji yatapita. Yatapita hata tukikesha tukiyaombea yasipite. Kazi yetu ni kuyatoa njiani mapema, yakiwa bado machache na hayajapata nguvu.

Hili sikulisoma. Nilifundishwa kwa aibu.

Mwaka wetu wa kwanza wa kujitolea tulipanda mlimani watu zaidi ya ishirini. Tulikuwa na fulana za rangi moja, wali wa kufungashwa, na kijana mmoja wa kupiga picha tu, hana jembe. Tukafika pale kwenye korongo, mnapajua, pale ukisimama ndani ya njia ukingo unakufika gotini. Tukasema hapa ndipo penyewe. Tukachimba udongo pembeni, tukajaza, tukashindilia kwa miguu huku tunaimba. Jioni korongo limekwisha. Picha ya kabla na picha ya baada. Watu walitusifu sana.

Baada ya wiki mbili ikanyesha mvua ya kwanza ya maana. Nikapanda kesho yake. Korongo lilikuwepo, safi kabisa, limeoshwa kama sahani. Tena sasa lilikuwa na mwenzake, kwa sababu pale pembeni tulipochimba udongo wa kujazia tulikuwa tumefungua kidonda kipya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawaheshimu wahenga, lakini nadhani walisema hivyo wakiwa nyumbani, hawakuwa mlimani. Huku kwetu ni kinyume. Huku usiuzibe ufa. Panda juu, mita ishirini, mita thelathini, utafute mahali maji yalipoingilia njiani, uyafungulie mlango yatoke. Ukishayatoa, ufa utajaa wenyewe, taratibu, kwa majani na mchanga. Sisi tulikuwa tunamfuta machozi mtoto huku tumemkanyaga mguu.

Sasa unajuaje maji yanaingilia wapi? Nenda yakiwepo. Hakuna njia nyingine. Sisi wote tunapenda kufanya ukaguzi siku ya jua, tunatembea na daftari tunakisia. Mimi siku hizi mvua ikianza kunyesha mchana nachukua mwavuli na gumboti, mke wangu ananiangalia kama nimerukwa na akili, naondoka. Ndani ya saa moja ya mvua unaona yote. Unaona maji yanateremka kwenye shamba la mtu, yanagonga njia, yanaipenda, yanaifuata. Unaona ule ukingo wa upande wa bondeni, ule uliojitengeneza wenyewe kwa sababu katikati pamekanyagwa pakashuka, unavyoyafungia maji yasitoke. Njia imekuwa mtaro na hakuna aliyeuchimba. Ukiukata ule ukingo kwa jembe, hatua tatu tu, maji yote yanageuka mbele ya macho yako yanaingia msituni. Dakika kumi. Hakuna kazi tamu kama hiyo. Huhitaji fulana.

Kuna mtu mmoja alinifundisha habari ya maji kabla sijajua kama nafundishwa. Nilipokuwa kijana nilikaa miezi michache Kilimanjaro, kwa wajomba. Kule Wachagga wana mifongo. Mfongo ni mfereji unaotoa maji kwenye kijito kule juu, unayatembeza ubavuni mwa mlima, mwendo mrefu, mpaka kwenye migomba ya watu. Siku ya kuusafisha mfongo, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetokea anaulizwa.

Mjomba alinipa jembe, nikachimba kwa bidii ya mgeni. Nikaupa mfereji mteremko mzuri, maji yakakimbia. Nikasimama nikingoja sifa. Mjomba akachukua jani, akalidondosha majini, likaenda mbio. Akaniambia: umeyafundisha wizi. Yakikimbia yanaiba udongo. Akalala chini, jicho usawa wa maji, akarekebisha kidogo, akadondosha jani lingine. Likatembea kama mzee anayekwenda msikitini kabla ya wakati. Akasema, hivyo. Lakini ukiyalaza zaidi ya hapo, yatalala kweli, yatakuachia matope.

Haya, vijana, hiyo ndiyo elimu yote ya mfereji wa kutolea maji njiani. Ukali mno unachimba, ulegevu mno unajaza. Ndiyo maana tuta letu la kukinga maji tunaliweka mshazari, halikati njia moja kwa moja. Likikaa mshazari, maji yanafika, yanasukumwa pembeni, na yenyewe yanaosha mchanga yanakwenda nao. Likikaa moja kwa moja kama kizingiti cha mlango, maji yanatulia, mchanga unashuka, na kabla masika hayajaisha tuta limefukiwa na maji yanaruka juu yake yakicheka. Tumieni mawe pale yanapopatikana. Gogo linaoza, halafu gogo lililolowa linateleza kuliko sabuni. Na jiwe ulizike, sehemu kubwa ya jiwe ikae ardhini. Jiwe lililowekwa juujuu ni mtego tu wa kumvunja mtu kifundo cha mguu.

Mizizi muiache. Najua inakera, najua mtu anajikwaa. Mzizi ule unashika udongo bure, usiku na mchana, na haujawahi kutuomba nauli.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia uchungu: njia za mkato. Tunazo kona za zigizaga pale kwenye mwinuko mkali. Waliozikata hivyo walikuwa na akili, maana zigizaga inamlaza mtu na inayalaza maji. Halafu anakuja mtu, anateremka, anaona njia ileile iko mita sita chini yake, anakata moja kwa moja. Wa pili anafuata. Masika yanafika, maji nayo yanaona kumbe kuna njia fupi. Nani alaumiwe?

Mimi nilijua wa kulaumu. Wanafunzi! Samahanini. Tukaweka miiba pale kwenye mkato. Wiki moja, miiba imetupwa. Tukaweka matawi makubwa. Yametupwa. Tukaandika kibao. Kibao kilikwenda kupika chai ya mtu.

Siku moja nikakaa pale, nimekasirika, nasubiri nimkamate mkosaji. Akaja mama mmoja na tenga la karoti kichwani. Akafika kwenye kona, akapita mkato, taratibu, na mzigo wake. Nikamwuliza, mama, mbona unapita hapo, na mzigo wote huo? Maana mtu mwenye mzigo ndiye anayeipenda zigizaga kuliko sote. Akanijibu bila kusimama: baba, nenda ukasimame kwenye hiyo kona yenu.

Nikaenda. Nikazama mpaka kwenye kifundo. Pale konani pana chemchemi ndogo, maji yanachuruzika mwaka mzima, pamekuwa bwawa la matope. Watu hawakuwa wakikata njia kwa ujeuri, walikuwa wanakwepa matope. Miezi mingapi tumepigana nao kwa miiba! Tukachimba mfereji upande wa juu wa kona, tukayapitisha maji chini ya mawe, tukapanga mawe ya kukanyagia. Mkato umeota majani. Hatukuweka mwiba hata mmoja.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujamfokea anayepita pembeni, mwulize anakwepa nini. Na ukikuta tope ambalo bado hatujalishughulikia, pita katikati yake, chafuka. Ukilizunguka, kesho njia ina upana wa mita mbili, keshokutwa mita nne. Na huko pembeni unakokanyaga si mahali pa bure. Juu kule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Yuko ndege anayeishi kwenye milima hii na hapatikani mahali pengine popote duniani. Liko lile ua dogo la zambarau la kwenye miamba yenye kivuli, ambalo ndugu zake wamejaa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya, halafu sisi tunalikanyaga tukikwepa kuchafua raba. Ndiyo maana pia hatuingii na panga bila kibali cha ofisi ya hifadhi, na ndiyo maana tukifyeka tunafyeka yaliyoinamia njia tu. Msitu haujaombwa kunyolewa.

Wazee wangu, mnivumilie hapa kidogo, maana hili nalisema mkiwepo.

Kuna siku tulipita kijijini na majembe begani, vijana kumi na wawili. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani kwake. Tukamwamkia, akaitikia, halafu akauliza: mnakwenda kuchimba mlima? Nikasema ndiyo, mzee. Akauliza: nani kawatuma?

Nikajibu, hakuna aliyetutuma, tunajitolea. Akatutazama muda mrefu. Hakuamini. Na alikuwa na haki ya kutoamini.

Vijana, nyie mnajua habari ya matuta ya Uluguru? Miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, serikali ilikuja na mpango wa kuzuia mmomonyoko katika milima hii. Nia yake ukiisoma kwenye karatasi ni hii yetu: kuokoa udongo, kuokoa maji ya Ruvu. Watu wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi mashambani mwao, kwa nguvu, kwa siku zilizopangwa, na anayekataa anashtakiwa. Kwenye miteremko mikali, kuchonga ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba, na ule mzuri ukafukiwa. Mtu anachimba, anachoka, halafu havuni. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukafa.

Ona sasa. Kazi ileile, jembe lilelile, mlima uleule. Walikuja na jibu kabla ya kumwuliza anayelima pale. Mimi nilipoweka miiba kwenye ule mkato nilikuwa tofauti nao kwa kiasi gani? Nimejiuliza sana. Sikuwa na polisi, basi.

Yule mzee tulimwomba atuonyeshe maji yanapotokea. Mara ya kwanza alikataa, alisema magoti. Mara ya pili alikuja na fimbo yake mpaka pale kwenye mwembe mkubwa, akaonyesha kwa fimbo: hapa, hapa, na pale. Sehemu tatu. Mimi na daftari langu nilikuwa nimeandika moja.

Nimalizie na jinsi tutakavyogawana, kwa sababu kupanda watu hamsini siku moja kwa mwaka hakutoshi. Njia haihitaji sherehe. Inahitaji mtu wa kuitembelea. Kule Marekani kuna njia ya milimani iitwayo Appalachian Trail, ina urefu wa kama kilomita 3,500 na inapita katika majimbo 14. Mtu mmoja, Benton MacKaye, aliitoa kama wazo mwaka 1921, na kufikia mwaka 1937 ilikuwa imeunganishwa yote. Kazi kubwa ya kuitunza mpaka leo iko mikononi mwa vikundi vya kujitolea vipatavyo thelathini. Wanawezaje? Wamekata njia vipande. Kila kikundi kina sehemu yake, na mara nyingi ndani ya sehemu hiyo mtu mmoja anapewa kilomita zake chache, zinakuwa zake. Anazijua kama anavyojua ua wa nyumba yake.

Najua neno kipande wazee hawalipendi, lilikuwa kadi ya kazi ya manamba, vibarua wa mashamba ya wakoloni. Sisi tunalitumia kwa maana yake ya asili. Sisi hatuna kilomita 3,500, tuna mlima mmoja. Njia yetu tumeigawa vipande tisa. Kila kipande kinahitaji watu wawili. Kazi yao: kupita mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, na kila baada ya mvua kubwa wakati wa masika. Kufungua midomo ya mifereji iliyozibwa na majani, maana jani moja la mgomba linatosha kuua mfereji mzima. Kukata ukingo unaojijenga. Kuondoa tawi lililoanguka. Ukikuta jambo kubwa kuliko jembe lako, usilianze peke yako, tuite. Ukifanya kazi hiyo vizuri, hakuna atakayeiona, na nakuonya mapema kwamba hakuna atakayekushukuru. Mtu hamshukuru aliyemfanya asiteleze.

Jumamosi ijayo tukutane pale pale pa siku zote, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Si saa ya harusi, ni saa ya kweli. Njoo na jembe au sururu au chepeo. Makwanja tunayo manne, mwenye la kwake aje nalo. Panga libebwe kwenye ala. Tukitembea, jembe libebwe mkononi upande wa bondeni, ukiteleza ulitupe chini, lisikufuate. Mwachane nafasi, anayechimba asimfikie mwenzake hata akinyoosha mpini. Maji ya kunywa kila mtu yake. Chakula safari hii ni mihogo na chai ya mama Ashura hapo mbele, fulana hakuna.

Vipande vyote vina watu isipokuwa cha sita na cha nane. Cha sita ni kifupi, kina kivuli. Cha nane nisiwadanganye: ni kile chenye korongo letu la picha, lile tulilolijaza kwa nyimbo. Linahitaji watu wawili wenye subira, na mwavuli.

Cha sita, nani? Wewe na dada yako, asante. Andika hapo.

Cha nane?

(Palikuwa kimya kidogo. Halafu mkono mmoja ukanyooshwa, kule nyuma karibu na mlango. Bado tunatafuta wa pili.)